Kiduha na bungua wa mabua: kilimo cha sukuma-vuta kinavyofanya kazi, na kinachomgharimu mkulima

Kila msimu wa palizi, wasikilizaji wetu wa vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria hutuletea swali lile lile. Mahindi yaliota vizuri, mvua haikukosekana, palizi ilifanyika. Lakini yalipofika magotini yakadumaa, majani yakawa ya njano kana kwamba yana kiu, na chini yake kukachomoza mmea wenye maua mazuri ya zambarau. Mwenye shamba anang'oa leo, wiki ijayo umerudi. Anang'oa tena, umerudi.

Mmea huo ni kiduha. Wengine wanauita gugu chawi, na majirani zetu Wajaluo wanauita kayongo. Katika makala hii tunaeleza kwa nini jembe peke yake halikiwezi, na tunaeleza kwa kirefu mbinu moja iliyofanyiwa kazi hapa hapa kwenye ukanda wa ziwa, inayoitwa sukuma-vuta (wengine husema vuta-sukuma). Jina hilo halihusiani na ndugu zetu Wasukuma, ingawa mbinu yenyewe inawafaa na wao. Tunaeleza pia gharama zake, kwa sababu wakulima wengi huambiwa faida tu, na yale mengine wanayakuta shambani.

Kwa ufupi

- Kiduha hunyonya mizizi ya mahindi, mtama, ulezi na mpunga wa nchi kavu. Madhara huanza kabla hujakiona juu ya udongo.
- Sukuma-vuta ni kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na mabingobingo au brakiaria kuzunguka shamba.
- Hupunguza kiduha na bungua wa mabua, hulisha udongo, na hukupa malisho ya mifugo.
- Msimu wa kwanza ni mgumu. Usitegemee muujiza mwaka huo.
- Desmodiamu hukaa shambani miaka mingi. Kwa hiyo kabla ya kupanda, hakikisha shamba litabaki mikononi mwako na ng'ombe hawataingia.

Kiduha ni kitu gani hasa

Kiduha ni gugu, lakini si kama magugu mengine yanayogombania tu mwanga na maji. Mzizi wake hujishikiza kwenye mzizi wa hindi na kunyonya maji na chakula ambacho hindi limejitafutia. Ndiyo maana mahindi hunyauka hata udongo ukiwa na unyevu.

Mbegu za kiduha ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja uliokomaa unaweza kuangusha makumi ya maelfu ya mbegu, na mbegu hizo zinaweza kulala kwenye udongo zaidi ya miaka 10 zikiwa hai. Haziamki kwa mvua peke yake. Zinasubiri harufu maalumu inayotolewa na mizizi ya mmea zinaoupenda. Ukipanda mahindi, umezipigia kengele.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kiduha kikishachipua chini, hukaa wiki kadhaa kikinyonya kabla ya kutoa kichwa juu. Siku unapokiona, hasara kubwa imeshatokea. Kukingo'a bado kuna maana, kwa sababu unazuia mbegu mpya zisianguke, lakini hakurudishi mavuno ya mwaka huo. Na ukikingo'a baada ya maua kukauka, unaweza kuwa unamwaga mbegu badala ya kuziondoa.

Mbegu hizo husafiri. Hubebwa na maji ya mvua kutoka shamba la juu, na udongo ulioganda kwenye plau na majembe, na samadi ya ng'ombe waliokula mimea ya kiduha, na hata mahindi ya mbegu yaliyopukuchuliwa juu ya udongo wenye kiduha. Shamba lililochoka hushambuliwa zaidi kuliko shamba lenye rutuba. Ndiyo maana familia isiyo na uwezo wa kununua mbolea ndiyo hupigwa kwanza, na ndiyo huchelewa kuinuka.

Bungua wa mabua

Adui wa pili ni bungua wa mabua, wengine humwita funza wa mabua. Ni kiwavi, mtoto wa nondo anayeruka usiku na kutaga mayai kwenye majani ya mahindi machanga. Kiwavi akitoka kwenye yai hutafuna majani ya moyo, kisha hutoboa bua na kuingia ndani. Akishaingia, dawa ya kupuliza haimfikii kwa urahisi. Utamjua kwa mistari ya vitundu kwenye majani, unga wa kinyesi kwenye bua, na mahindi yanayokatika upepo ukivuma.

Tangu mwaka 2016 Afrika imepata mgeni mwingine, kiwavijeshi vamizi, aliyetoka Amerika. Tanzania na Kenya alionekana mwaka 2017. Huyu hula majani kwa kasi na kujificha kwenye moyo wa hindi. Mkulima mwenye kiduha, bungua na kiwavijeshi katika shamba moja ana maadui watatu, na dukani ataambiwa anunue dawa tatu.

Mbinu hii ilitoka wapi

Sukuma-vuta haikuletwa kutoka mbali. Ilianzia ng'ambo ya ziwa, Mbita, magharibi mwa Kenya, kwenye kituo cha taasisi ya utafiti wa wadudu iitwayo icipe. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya, Thomas Odhiambo, na kituo cha Mbita leo kina jina lake. Katika miaka ya 1990, Zeyaur Khan wa icipe na wenzake, wakishirikiana na John Pickett wa kituo cha utafiti cha Rothamsted nchini Uingereza, walikuwa wakitafuta mimea ya kuwahamisha bungua kutoka kwenye mahindi. Walijaribu majani ya malisho ya aina nyingi.

Walipopanda desmodiamu katikati ya mahindi ili kuwasumbua bungua, wakaona jambo ambalo hawakulitafuta: kiduha kilipungua sana. Walikuwa wanawinda mdudu, wakampata na gugu. Kutoka hapo mbinu ikapelekwa kwa wakulima, na leo inatumika Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na nchi nyingine.

Inavyofanya kazi

Mbinu ina mimea mitatu, na kila mmoja una kazi yake.

*Mahindi* (au mtama) ndiyo chakula.

*Desmodiamu* ni mmea wa jamii ya mikunde, unaotambaa na kufunika udongo. Chini ya ardhi, mizizi yake hutoa kemikali zinazofanya mambo mawili: huamsha mbegu za kiduha, kisha huzuia mizizi ya kiduha isijishikize kwenye mahindi. Kiduha kinaamka, hakipati mahali pa kunyonya, kinakufa. Kwa hiyo kila msimu akiba ya mbegu iliyolala udongoni inapungua. Hili ndilo jembe haliwezi kulifanya. Juu ya ardhi, desmodiamu huwapunguza wadudu. Maelezo ya awali ya watafiti ni kwamba harufu yake huwafukuza nondo na kuwaita nyigu wadogo wanaowaua viwavi. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha pia kwamba vinyweleo vya desmodiamu hunasa na kuwaua viwavi wadogo wanaopita juu yake, na wanasayansi bado wanajadiliana ni kipi kinafanya kazi kubwa zaidi. Kuhusu kiduha, kazi ya mizizi imethibitishwa vizuri.

*Mabingobingo* (majani ya tembo) au *brakiaria* hupandwa pembeni kuzunguka shamba. Nondo hupenda kutaga humo kuliko kwenye mahindi. Lakini viwavi wakitoboa shina la mabingobingo hukutana na utomvu unaonata, na wengi hufa kabla ya kukua. Huo ndio mtego. Desmodiamu inasukuma, majani ya pembeni yanavuta.

Zaidi ya hayo, desmodiamu huongeza naitrojeni kwenye udongo kama maharage yanavyofanya, huzuia mmomonyoko, na hutunza unyevu. Majani yake yana protini nyingi, na ng'ombe wa maziwa na mbuzi huyapenda.

Matokeo yakoje? Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwa wakulima 250 wa maeneo makavu ya Kenya, Uganda na Tanzania waliotumia desmodiamu ya majani ya kijani na brakiaria, ulikuta viwavijeshi vamizi wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa kila mmea, na mavuno ya mahindi yakiwa mara 2.7 ya yale ya mashamba ya mahindi matupu. Soma takwimu hizo kwa makini: hao ni wakulima waliokuwa wameshaikubali mbinu na kuitunza. Si ahadi ya kila shamba katika msimu wa kwanza.

Kupanda, hatua kwa hatua

*1. Pima shamba.* Kipande kimoja kisizidi mita 50 kwa 50, yaani zaidi kidogo ya nusu eka. Shamba likiwa kubwa kuliko hapo, ligawe vipande, kila kimoja na uzio wake wa majani. Mtego ukiwa mbali sana na katikati ya shamba, hauvuti.

*2. Panda majani ya pembeni kwanza.* Weka mistari mitatu kuzunguka shamba. Kati ya mstari na mstari sentimita 50, kati ya shina na shina sentimita 75. Acha mita 1 kati ya mstari wa ndani na mahindi, ili majani yasiyafunike mahindi kwa kivuli. Kwa kipande cha mita 50 kwa 50 utahitaji vipando vya mabingobingo karibu 780. Kata pingili kutoka kwenye mashina yenye afya tu. Kuna ugonjwa wa udumavu wa mabingobingo, ambao hufanya majani kuwa ya njano na madogo, na husambaa kwa kugawiana vipando vyenye ugonjwa. Ukiona shina la namna hiyo kwa jirani, usichukue, hata kama anakupa bure.

*3. Andaa udongo laini.* Mbegu za desmodiamu ni ndogo sana. Kwenye mabonge hazioti. Lima mapema, na lainisha udongo kama unavyoandaa kitalu cha mchicha.

*4. Panda desmodiamu mvua zinapoanza.* Chora mfereji mwembamba wa kina cha sentimita 1 hadi 2 katikati ya mahali patakapopita mistari miwili ya mahindi. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisambae sawasawa, nyunyiza kwenye mfereji, kisha funika kwa udongo kidogo tu. Ukifukia kwa kina, umezizika.

*5. Panda mahindi.* Mstari na mstari sentimita 75, shimo na shimo sentimita 30, mmea mmoja kila shimo. Weka samadi au mbolea ya kupandia kama kawaida. Desmodiamu inasaidia udongo, lakini haiondoi haja ya mbolea katika shamba lililochoka.

*6. Palilia mapema.* Palizi ya kwanza iwe wiki ya tatu, ya pili karibu wiki ya tano au ya sita. Tumia mkono au jembe dogo karibu na mstari wa desmodiamu. Ikiwa changa inafanana na magugu mengine, na mashamba mengi yameshindwa kwa sababu kibarua aliing'oa bila kuijua. Kabla ya kumruhusu mtu yeyote kupalilia, mwonyeshe mche wake.

Msimu wa pili na kuendelea

Mahindi yakishavunwa, desmodiamu inabaki. Usiilime. Kabla ya kupanda mahindi mapya, ipunguze kwa panga au mundu ikaribie udongo, ukiacha kimo cha vidole vitatu au vinne. Ulichokata ni malisho. Kisha fungua mstari mwembamba pale tu mahindi yanapopandwa. Katikati ya msimu, desmodiamu ikianza kupanda juu ya mahindi, ikate tena.

Palizi hupungua sana kuanzia hapo, kwa sababu desmodiamu iliyofunika udongo haiachi nafasi kwa magugu.

Majani ya pembeni usiyavune yote kwa siku moja. Kata mstari mmoja, acha miwili, halafu zungusha. Ukikata yote, umeondoa mtego na nondo watarudi kwenye mahindi. Acha kisiki cha sentimita 10 hadi 15 ili yachipue tena.

Kwa upande wa kiduha, tegemea kuona mabadiliko hatua kwa hatua. Mwaka wa kwanza desmodiamu bado inajijenga, hivyo utaendelea kuona kiduha. King'oe kabla hakijatoa maua na ukichome. Kadiri misimu inavyopita na desmodiamu ikifunga vizuri, kiduha hupungua.

Gharama ambazo hazisemwi sana

*Ardhi.* Majani ya pembeni pamoja na nafasi ya mita 1 huchukua mita 2 kila upande. Kwenye kipande cha mita 50 kwa 50, hiyo ni karibu asilimia 15 ya shamba. Hasara hiyo inavumilika, kwa sababu majani nayo ni mali. Lakini kwenye kipande cha mita 20 kwa 20, nafasi hiyo hiyo hula asilimia 36, zaidi ya theluthi. Kwa mwenye kipande kidogo namna hiyo, ni afadhali kuelewana na jirani wa mpaka, mkazungushia majani mashamba yenu mawili kama kipande kimoja, mradi yote pamoja yasizidi mita 50 kila upande.

*Mbegu.* Mbegu za desmodiamu ni ghali na hazipatikani katika kila duka la pembejeo. Njia ya kupunguza gharama ni vipando: ukiwa na eneo dogo lililostawi, kata mashina yanayotambaa yenye vifundo, yapande kwenye udongo wenye unyevu. Wakulima wengi huanza na robo eka, kisha hupanua kwa vipando vyao wenyewe. Vikundi vinaweza kununua mbegu kwa pamoja.

*Nguvu kazi.* Msimu wa kwanza una kazi nyingi kuliko kilimo cha kawaida: kulainisha udongo, kupanda mimea mitatu, palizi ya uangalifu. Katika nyumba nyingi kazi hiyo humwangukia mama. Ni haki aliye na jembe mkononi awepo wakati uamuzi unafanyika. Faida nayo inaweza kumrudia: malisho yakiwa karibu na nyumba, safari za kwenda kukata majani mbali hupungua.

*Ng'ombe.* Hili ndilo gumu zaidi kwetu. Vijiji vingi vya ukanda huu vina desturi ya kuachia ng'ombe mashambani baada ya mavuno wale mabua. Shamba la desmodiamu la kijani wakati wa kiangazi ni karamu kwa kundi la ng'ombe. Siku moja inatosha kuharibu kazi ya mwaka. Mkulima mmoja peke yake hawezi kulinda mchana na usiku. Hapa panahitaji mkutano wa kijiji na sheria ndogo inayoeleweka: mashamba yapi yasiingiliwe, yawekwe alama gani, na anayekiuka atalipa nini. Wafugaji wawe sehemu ya mazungumzo, kwa sababu malisho ya kukata yanaweza kuuzwa kwao wakati wa ukame.

*Shamba la kukodi.* Desmodiamu inakua kwa miaka. Kama unakodi shamba msimu hadi msimu, unaweza kugharamia mwaka wa kwanza, halafu mwenye shamba akaona limependeza akalichukua. Usipande kwa maneno ya mdomo. Elewaneni miaka mitatu au zaidi, muandike, shahidi awepo, na nakala ibaki ofisi ya kijiji. Mwenye shamba akikataa kuandika, tumia njia nyingine tunazozitaja hapa chini. Vivyo hivyo kwa mama anayelima shamba la ukoo: azungumze na wenye sauti kabla ya kununua mbegu.

Kwa hiyo swali la kwanza si "mbegu zinapatikana wapi?" Swali la kwanza ni "shamba hili litakuwa kwa nani miaka mitatu ijayo, na nani atalilinda kiangazi?" Ukiwa na jibu, mbinu hii inakufaa. Usipokuwa nalo, mbegu hata za bure zitapotea.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

*Maharage je? Sisi tunachanganya mahindi na maharage, ndiyo mboga yetu.*
Unaweza kuendelea. Maharage hupandwa kwenye mstari wa mahindi, katikati ya shina na shina au ndani ya shimo moja na hindi, na desmodiamu inabaki kwenye mstari wake. Usiache chakula cha watoto kwa sababu ya mbinu.

*Huku kwetu mvua ni chache. Itafaa?*
Desmodiamu ya majani ya kijani na brakiaria aina ya Mulato II zilichaguliwa kwa ajili ya maeneo makavu zaidi, badala ya desmodiamu ya majani ya fedha na mabingobingo. Baadaye watafiti walileta pia desmodiamu nyingine inayostahimili ukame na kutoa mbegu kwa urahisi, pamoja na brakiaria aina ya Xaraes, kwa sababu Mulato II ilishambuliwa na utitiri mwekundu katika baadhi ya maeneo. Muulize afisa ugani aina inayofaa kata yako.

*Sina ng'ombe. Majani nitayafanyia nini?*
Unaweza kuuza kwa mafungu, kubadilishana na jirani kwa samadi, au kulisha mbuzi na sungura. Ukikosa mnunuzi kabisa, tandaza shambani kama matandazo. Lakini kusema kweli, faida ni kubwa zaidi kwa mwenye mifugo au mwenye soko la malisho karibu.

*Kiwavijeshi ataisha?*
Hapana, atapungua. Endelea kukagua shamba mara mbili kwa wiki mahindi yakiwa machanga. Ukiona umelazimika kupuliza dawa, nunua iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, soma maelekezo, na vaa kinga.

*Sina kiduha wala sina bungua wengi. Nipande?*
Si lazima. Mbinu hii ni kwa mwenye tatizo hilo, au mwenye shida ya malisho na udongo uliochoka. Mwenye shamba safi atunze usafi wake: asafishe plau inayotoka kwa jirani, asitumie mahindi ya mbegu asiyojua yametoka wapi.

Kama sukuma-vuta haikufai kwa sasa

Bado kuna la kufanya dhidi ya kiduha.

- *Zungusha mazao.* Karanga, soya na pamba huamsha mbegu za kiduha lakini hazikilishi, kwa hiyo kinakufa. Msimu mmoja hautoshi, lakini kila msimu unapunguza akiba ya mbegu udongoni. Mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa tayari ana silaha hii mkononi.
- *Ng'oa kabla ya maua,* kila wiki, hata baada ya mavuno. Kiduha huendelea kutoa maua kwenye mabua yaliyobaki.
- *Rutubisha udongo.* Samadi iliyoiva vizuri husaidia mahindi kuvumilia. Samadi mbichi ya ng'ombe waliolishwa kwenye mashamba yenye kiduha inaweza kukuletea mbegu.
- *Changanya na mikunde* kila msimu, kama maharage, choroko au kunde.
- *Fanyeni pamoja.* Shamba moja safi katikati ya mashamba kumi yenye kiduha halibaki safi. Maji ya mvua hayana mpaka.

Pa kuanzia

Mwone afisa ugani wa kijiji au kata yako kwanza, na mpe maelezo kamili: ukubwa wa shamba, kiduha kimeanza lini, maua ni ya rangi gani, na una mifugo mingapi. Kwa masuala ya mahindi na udongo, Kanda ya Ziwa ina kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) pale Ukiriguru, mkoani Mwanza. Kwa mbegu za malisho, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI) ndiyo inayohusika. Ukinunua mbegu za mahindi, angalia lebo ya TOSCI kwenye mfuko, na tunza risiti.

Anza na kipande kimoja, kile kilichoharibika zaidi, na acha sehemu nyingine kama ulivyozoea. Weka kumbukumbu kwenye daftari: siku ulizopalilia, debe ulizovuna, mizigo ya majani uliyokata. Baada ya misimu mitatu utakuwa na hesabu yako mwenyewe, iliyotoka kwenye udongo wako, na hiyo ndiyo itakayokuambia kama upanue au uache. Jirani akija kuuliza, mwonyeshe shamba na daftari vyote viwili.